Muhogo haufungiwi kufuli

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ya katikati. Huku wako watafiti wa kilimo na madaftari yao, kule wako wakulima, mafundi na wenye kampuni, na mie niko hapo nikisukuma karatasi za miliki bunifu, yaani haki za mtu juu ya kitu alichokibuni. Nimefanya kazi na taasisi za umma zaidi ya moja hapa Pwani. Majina yake nitayaacha, maana wengi wa tuliokuwa nao bado twakutana msikitini na kwenye arusi. Nakaa Kisauni, soko la Kongowea halinipiti, na mashamba ya majaribio ni mwendo mfupi wa matatu. Kukaa karibu hivyo kumeniwezesha kuona jambo ambalo ukiwa ofisini Nairobi huenda likakuchelewea: tunatumia nguvu nyingi kulinda vitu visivyolindika, na vile ambavyo vingelindika tunaviacha uwanjani.

Nianze na muhogo, kwani ndio ulionifunza.

Kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Mtwapa, ukivuka daraja tu kuingia Kilifi, kimetoa aina kadhaa za muhogo ambazo Mpwani mwenye shamba hakosi kuzisikia: Shibe, Tajirika, Karembo, Karibuni, Nzalauka, Siri. Hazikutafutwa kwa mapambo. Kibandameno, muhogo wetu wa zamani mtamu, huteswa sana na batobato na ule ugonjwa mwengine wa michirizi ya kahawia. Huu wa pili ndio mbaya zaidi. Shamba laweza kuwa na majani ya kupendeza, ukaja ukang'oa ukakuta mizizi ina mabaka makavu ndani, haifai kuchemshwa wala kuuzwa. Wataalamu waliuandika tangu miaka ya 1930 kule Amani, Tanga, na hadi leo bado uko mashambani.

Mtafiti akishapata aina inayostahimili, wazo la kwanza linalomjia ni cheti cha kumlinda kama mwenye aina hiyo. Sheria ipo. Kenya iliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999, na 2016 ikajiunga na mkataba wake wa 1991. KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, ndiyo inayopokea maombi: aina iwe mpya, itofautiane na zilizopo, mimea yake ifanane, na isigeuke ikizalishwa tena. Ikipita, mwenyewe hupata haki ya miaka 20, au 25 ikiwa ni mti. (Kwa mnazi wetu mrefu, miaka sita ya mwanzo ni ya kumwagilia maji na kuomba dua tu.)

Lakini muhogo hupandwa kwa kipande cha mti wake wenyewe. Shina moja hutoa vipande kama kumi. Mpe mkulima fungu moja mvua za mwezi wa nne. Misimu miwili haipiti, jirani zake wote wanazo, na shemeji yake wa Msambweni pia anazo, kwa sababu alikuja matangani akaondoka na mzigo begani. Utamfuata nani? Kuchukua haki juu ya muhogo kisha ukakaa kusubiri mrabaha, yale malipo ya mwenye haki kila inapotumika, ni kutia kufuli kwenye lango ambalo halina ukuta.

Mahindi ni habari nyengine. Pwani Hybrid 4 ni chotara, na mahindi chotara mkulima akiweka mavuno akayapanda tena, nguvu hushuka na shamba huwa halilingani. Inambidi arudi dukani. Ndiyo maana kampuni za mbegu hukimbilia mahindi, na muhogo huachiwa serikali na wafadhili. Sioni lawama hapo, biashara ni biashara. Lawama yangu ni kwa wale wanaoandika sera moja ya miliki bunifu kwa mimea yote na kuipitisha kwa kikao kimoja.

Nakumbuka mkutano mmoja wa kupanga mkataba na kikundi cha wakulima waliotaka kuzalisha miti ya muhogo ya kupanda. Wakili alikuwa ameingiza kipengele kinachomkataza mnunuzi kumpa mtu mwengine kipande hata kimoja. Mtafiti mmoja, mama aliyekaribia kustaafu, akavua miwani.

"Bwana wakili, wewe kwenu wapi?"

"Taveta, mama."

"Na mamako akikuomba mbegu ya muhogo, utamuonyesha hii karatasi?"

Watu walicheka, kipengele kikafutwa, na ndipo tukaanza kuzungumza la maana: kikundi kitauza nini, ikiwa yeyote aweza kukata mti kwa jirani bure? Jibu likatoka kwenye ugonjwa wenyewe. Virusi hujikusanya shambani msimu baada ya msimu. Miti unayokata mwenyewe mwaka wa tatu au wa nne si ile uliyoanza nayo, hata kama jina ni lile lile. Kinachouzika katika muhogo ni usafi: miti iliyotoka shamba lililokaguliwa, yenye mtu wa kuulizwa ikiwa na kasoro. Mkataba ukaandikwa upya. Ndani mkawa na umbali kutoka mashamba mengine, kung'oa mashina yenye dalili, ukaguzi kabla ya kukata, na haki ya kutumia jina la aina ile kwenye lebo mradi masharti yanafuatwa. Akiyavunja hanyang'anywi muhogo, hilo haliwezekani. Ananyang'anywa lebo.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaheshimu majina. Jina hulindika kirahisi kuliko mmea. Mfano ulio wazi ni Aflasafe, ile dawa ya kuzuia sumu ya ukungu kwenye mahindi. Kenya tunaijua sumu hiyo kwa msiba: mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani na sehemu za jirani baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Dawa yenyewe ni ukungu mwengine usiotoa sumu, hupakwa kwenye punje za mtama na kumwagwa shambani ili uchukue nafasi ya ule mbaya. Imetokana na kazi ya taasisi za umma, IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, wakishirikiana na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani na wa nchi zetu, na kwa Kenya hutengenezwa Katumani, Machakos. Jina ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Maana yake yeyote atakayetaka kuiuza kwa jina hilo lazima akubaliane na ubora wake, na mkulima asiyeweza kupima ukungu kwa macho ana kitu cha kushika. Kwa bidhaa ya namna hiyo, ulinzi ni sehemu ya dawa. Sioni sababu ya kuona haya kuusajili.

Sasa upande wa mashine, ambako mambo huharibika mapema zaidi, na kwa kawaida huharibikia Mkomani.

Shoo ya kilimo ya Mombasa, ifanyikayo hapo Mkomani, ni sikukuu ya watafiti. Hapo ndipo gavana hupita, kamera hupita, wanafunzi hupita na madaftari, na kila mkubwa hutaka kibanda cha taasisi yake kiwe na kitu kinachozunguka na kupiga kelele. Mwaka mmoja tulipeleka mashine ya kukata krispu za muhogo: sahani ya chuma yenye visu vinne, yazungushwa kwa pedeli ya baiskeli, muhogo waingia kwa mdomo mwembamba juu na vipande vyaanguka kwenye karai chini. Mhandisi wetu alikuwa na raha. Kila aliyeuliza alifunguliwa kifuniko, na kila aliyetaka alipiga picha. Ombi la kulinda kifaa kile lilikuwa bado ni rasimu ndani ya kompyuta yangu.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inasema kilichokwisha kuanikwa hadharani si kipya tena. Kwa bahati nzuri, ukikianika mwenyewe hapa Kenya una miezi 12 ya kupeleka ombi KIPI, ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi. Ulaya hawana huruma hiyo: ukishaonyesha, umeshaonyesha. Sisi soko letu halikuwa Ulaya, kwa hivyo tulipeleka ombi ndani ya muda, na hatukuomba hataza kamili, ile haki ya mvumbuzi ya miaka 20. Kuna kinga nyepesi, ya miaka 10, kwa vifaa ambavyo ubunifu wake si mkubwa lakini una manufaa. Visu vinne na pedeli vinatosheka na hiyo. Watafiti wengi huiona ni ya daraja la pili na huikataa kwa sababu ya sifa tu.

Miezi kadhaa baadaye nikaambiwa kuna mashine kama yetu yafanya kazi nyuma ya soko la Kongowea. Wakubwa wakataka fundi aandikiwe barua kali. Nikaomba kwanza niende nikaione.

Nilimkuta fundi wa makamo, wa jua kali, mikono imejaa masizi.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam. Karibu, bwana."

"Hii mashine umeitoa wapi?"

"Niliiona Shoo." Wala hakubabaika. "Lakini ile ya serikali, samahani nikwambie, ilikuwa yavunja muhogo. Mdomo waliusimamisha wima. Muhogo ukifika mwishoni kile kipande chabiringika, kisu chakiparura. Mie nimeulaza kidogo, nikatia na kisukumio. Angalia."

Akachukua muhogo uliomenywa, akautia, akakanyaga pedeli. Kipande cha mwisho kilitoka chembamba sawasawa na cha kwanza. Nikakiinua juu kwenye mwanga, nikaona kivuli cha kidole changu upande wa pili.

Barua kali haikuandikwa. Tuliandika leseni, lakini kuipata kulichosha kuliko kesi. Fomu za taasisi zilitaka cheti cha usajili wa kampuni, hesabu zilizokaguliwa, na mpango wa biashara. Fundi alikuwa na kitambulisho, namba ya simu, na mashine iliyo bora kuliko yetu. Mwisho tukapata kurasa mbili za Kiswahili: analipa kiasi kidogo kwa kila mashine anayouza, mashine inabandikwa namba, mdomo uliolazwa ni ubunifu wake yeye na sisi twaruhusiwa kuutumia. Hicho kipengele cha maboresho ndicho kilichozua ubishi mkubwa ofisini. Kulikuwa na waliotaka kila atakachokiboresha kiwe chetu. Nikawauliza, je, nani kati yetu alikuwa amegundua kwamba muhogo hubiringika?

Malipo yake yalikuja kwa kusuasua, na mara nyengine hayakuja. Mashine lakini ziko Kwale, ziko Malindi, na moja nimeiona Voi.

Linganisha na kampuni moja kubwa, ambayo pia nitaiacha bila jina. Hiyo ilikuwa na vyeti vyote. Ilichukua leseni ya peke yake, Kenya nzima, kwa njia ya kusindika unga wa muhogo, picha zikapigwa, mikono ikapeanwa. Kisha kimya. Ukipiga simu, mradi uko kwenye hatua za mwisho. Ukitaka kumpa mtu mwengine, huwezi, ni ya peke yake. Dhana yangu ni kwamba hawakutaka kuitumia. Walitaka asiitumie mwengine. Tangu hapo sijakubali leseni ya peke yake isiyokuwa na kipengele cha uvivu, ndivyo tukiitavyo kwa utani: usipozalisha kiasi fulani kufikia tarehe fulani, upeke wako unakwisha wenyewe bila kwenda mahakamani. Na mipaka iandikwe. Anayeuza Nakuru hana sababu ya kuifungia Lamu. Na taasisi ibaki na haki ya kuendelea na utafiti wake, jambo ambalo watu hulisahau hadi siku wanapotumiwa barua ya kukatazwa kutumia kitu walichokigundua wao.

Upeke wenyewe siupingi. Mtu anayeweka pesa kwenye kiwanda ana haki ya kupata muda wa kuzirudisha kabla mashindano hayajaja. Usikubali tu kuutoa kwa saini na picha.

Kuna jambo jengine lisilo la sheria kabisa. Jioni, ukishuka Lighthouse, wale kina mama wa krispu huwa wamejipanga na makarai yao, pilipili na ndimu pembeni. Niliwahi kumuuliza mmoja muhogo wake huutoa wapi.

"Waja Kongowea, mwanangu. Lakini si kila muhogo. Huu ukiukaanga wakauka vizuri. Ule walioniletea juzi, mkubwa, mnene, hauna doa, lakini wanywa mafuta. Nikiuza bei ile ile, faida yote yabaki kwenye karai."

Ule wa juzi ulikuwa aina mpya. Siitaji, kwani magunia ya Kongowea huchanganyika na sina ushahidi. Lakini nilirudi ofisini nikafungua faili za majaribio ya aina kadhaa: mavuno kwa hekta, ugonjwa kwa alama, unga kwa asilimia, hata ladha ya uliochemshwa. Mafuta hayakupimwa. Mkulima wa Pwani halimi muhogo wa kuchemsha peke yake, alima pia wa yule mama, na yule mama ndiye anayeamua aina gani itapandwa msimu ujao kuliko kamati yoyote ya kutoa mbegu. Sasa kabla sijasaini fomu ya kuanza mradi wa aina mpya nauliza nani ataila, na ataipikaje. Watafiti vijana hunung'unika kwamba hilo si swali la ofisi ya miliki bunifu. Basi la ofisi gani?

Madaftari ya watafiti nitayapitia haraka. Yatiwe tarehe na sahihi, yabaki kwenye taasisi mtafiti akihama, na mkataba wa mfadhili usomwe kabla ya pesa kuingia, maana wengine huandika ukurasa wa kumi na tisa kwamba matokeo ni yao. Mwanafunzi wa chuo aliye kwenye mafunzo hana mkataba wa ajira, kwa hivyo msidhani ubunifu wake ni wenu bila ya kuandikiana.

Mbegu za kienyeji ndizo zinazotaka adabu zaidi. Tulikwenda ndani ya Kaloleni kutafuta Mdzihana, mahindi ya zamani ya Wagiriama, na mzee aliyetupokea alituonyesha mahindi yaliyotundikwa kwenye uchaga juu ya jiko, meusi kwa moshi, hayana mdudu. Alitupa bila kusita. Kisha akauliza, "Baba, mkishaipeleka huko kwenu, ikirudi itakuja na jina la nani?"

Kisheria nina mengi ya kumjibu. Kifungu cha 11 cha Katiba kinalitaka Bunge litunge sheria za kutambua na kulinda umiliki wa mbegu asilia. Kanuni za mazingira za 2006 zinamtaka mwenye kuhitaji rasilimali za kijenetiki apate ridhaa ya wenyeji na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na asisafirishe kitu nje bila makubaliano ya maandishi. Kuna sheria ya maarifa asilia ya 2016. Lakini yeye hakuuliza sheria, aliuliza jina. Tukaandika kwenye rekodi kijiji, tarehe, na kwamba jina la kienyeji halitabadilishwa hata ikiingizwa kwenye uzalishaji. Mwanafunzi mgeni aliyekuwa nasi alitaka kubeba konzi moja ya mbegu nyumbani kwao, "kwa kumbukumbu". Nilimwambia kumbukumbu apige picha. Alinuna hadi Mariakani.

Kuhusu pesa, niseme wazi kwa sababu ndiyo inayowavuta wengi kwenye kazi hii. Sera nyingi za taasisi zetu zimeigwa kutoka Marekani, ambako sheria ya 1980 iliruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliolipiwa na serikali. Hata huko ofisi nyingi za aina hii hazirudishi gharama zake. Sheria yetu inampa mwajiri haki ya uvumbuzi wa mwajiriwa, na inamruhusu mwajiriwa kudai malipo ya haki pale uvumbuzi unapokuwa na umuhimu wa kipekee. Wa kipekee kiasi gani? Kila taasisi na kamati yake. Mtafiti akinijia akitarajia nyumba Nyali kutokana na mrabaha wa muhogo, namnunulia chai.

Novemba 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyokuwa vinamtia mkulima hatiani kwa kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Simu zilianza kulia. Kile kikundi cha kuzalisha miti ya muhogo kiliogopa kuwa biashara yao imekwisha: ikiwa kubadilishana ni halali, nani atanunua? Nikawaambia muhogo ulikuwa ukibadilishwa kabla ya hukumu na wao walikuwa wakiuza vilevile. Katibu wao, dada mmoja mkali wa hesabu, akasema hilo halimtoshi. Anataka mkataba mpya wenye bei ya chini kwa wanaorudi kununua, na lebo yenye namba ambayo mnunuzi aweza kuituma kwa simu ajue miti imekatwa shamba gani na lini. Sharti lake jengine ni kwamba ada yetu ya jina ipunguzwe kwa nusu, kwa kuwa kazi ya kulilinda jina wanaifanya wao. Nimelipeleka ombi kwa wakubwa na nimeliunga mkono kwa maandishi. Wakili wa Taveta amesema atalisoma wiki ijayo.